Kufa na kuzikana: kikundi kinatupa nini ambacho mfuko wa fedha hauwezi?

Mkazi wa Tandika (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Katika mitaa mingi ya Temeke, Ilala na Kinondoni ni nadra kumpata mtu mzima ambaye hayumo katika angalau kikundi kimoja cha kufa na kuzikana. Wengi wamo katika viwili au vitatu kwa wakati mmoja: cha mtaa, cha watu waliotoka wilaya moja, cha msikiti au jumuiya ndogondogo, na cha kazini. Tukivizungumzia huwa tunaanzia na kuishia kwenye fedha, yaani kiingilio ni kiasi gani, ada ya mwezi ni kiasi gani, mwanachama akifiwa na mzazi anapewa ngapi na akifiwa na mkwe anapewa ngapi. Ninaleta uzi huu kwa sababu ninaamini kwamba fedha ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika kazi ya vikundi hivi, na kwamba tusipolielewa jambo hilo tutavigeuza kuwa bima ya bei nafuu, kisha tutashangaa kuona watu wana fedha za kuzikia na hawana wa kuwazika.

Kwa ambao hawajawahi kukaa ndani ya kikundi cha namna hii, nieleze kidogo. Kikundi cha kawaida cha mtaa kina katiba iliyopigwa chapa na kugongwa muhuri serikalini, daftari la mahudhurio, na stoo yenye turubai, viti vya plastiki, majamvi na masufuria makubwa ambayo hukodishwa wakati hakuna msiba. Mwanachama mpya husubiri miezi kadhaa kabla ya kustahili kuhudumiwa, ili mtu asije akajiunga leo kwa kuwa mgonjwa wake yuko mahututi. Msiba ukitokea, mwenyekiti hupigiwa simu mapema kuliko ndugu wengi wa mikoani. Kabla mfiwa hajamaliza kulia, turubai limeshafungwa, kuna waliokwenda mochwari na waliokwenda makaburini, kuna anayefuatilia kibali cha mazishi, kuna aliyekaa mlangoni na daftari la rambirambi, na akina mama wameshawasha moto. Mfiwa anaambiwa akae tu. Anayefikiri kwa niaba yake ni kikundi, na katika saa zile hakuna huduma kubwa kuliko hiyo, kwa maana mtu aliyefiwa huwa hawezi hata kukumbuka alikoweka ufunguo wa kabati.

Sasa someni katiba zenyewe, hasa vifungu vya adhabu. Katika katiba ambazo nimepata kuzisoma, anayechelewesha ada hutozwa faini ndogo, huvumiliwa, na aghalabu husamehewa akieleza shida yake. Asiyehudhuria misiba ya wenzake bila taarifa huonywa, na akirudia hufutwa, hata kama ada yake imelipwa ya mwaka mzima. Waliotunga vifungu hivyo si wasomi wa uchumi, lakini walijua wanachokilinda. Walijua kwamba fedha inaweza kukopwa kwingine, ila mtu wa kulala kwenye jamvi lako usiku wa kwanza wa msiba hakopeki popote.

Huko vijijini adhabu ni kali zaidi, na wengi wenu mmeishuhudia. Mtu asiyekwenda kwenye misiba ya watu, kwa kiburi cha mali au kwa sababu anaishi mjini na kijijini anatuma fedha tu, siku akifiwa yeye huona jambo ambalo hakulitarajia. Wanakijiji wanakuja, wanasalimia, wanakaa mbali kidogo, na hakuna anayeshika jembe. Wafiwa wanaachiwa majembe na masepetu wachimbe wenyewe. Mara nyingi mambo humalizika kwa wazee kukaa kikao, familia kutozwa faini na kuomba radhi hadharani, kisha kaburi linachimbwa kwa haraka. Wapo wanaoona kwamba huo ni ukatili. Mimi ninaona ni mahali ambapo hesabu iliyokuwa imefichika inasomwa kwa sauti: kila uliyemzika alikuwa anakuwekea akiba, na wewe ulikuwa huweki.

Mambo haya hayakuanza na katiba zenye mihuri. Zamani, mgeni aliyefia ugenini alikuwa na watani wake. Mnyamwezi aliyekuwa akiishi miongoni mwa Wazaramo hakuwa mtu wa kutupwa, kwa sababu watani walikuwa na wajibu unaojulikana katika mazishi, pamoja na ruhusa ya kufanya mzaha ambao ndugu wa damu hangethubutu kuufanya. Mji wa Dar es Salaam, ambao Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, ulijaa watu waliotoka mbali, na kila aliyekuja ilimbidi ajibu swali lile lile: nikifa hapa, nani atanizika? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vikundi vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, gwaride na vyeo vilivyoigwa kutoka jeshini na serikalini. Watawala wa Kiingereza waliviona kuwa ni maigizo, na wakati mwingine waliviogopa, lakini nyuma ya maigizo yale kulikuwa na watu waliokuwa wakisaidiana katika ugonjwa na kuzikana. Vyama vya watu wa kabila moja au wilaya moja vilifuata, na mwaka 1929 ikaundwa African Association, ambayo ilijaribu kuwakusanya Waafrika wa makabila yote chini ya paa moja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1955. TANU ilikuwa imeanzishwa Julai 7, 1954, na karibu wanachama wake wote walikuwa wanaume. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu wanawake wa Dar es Salaam walikuwa tayari wana viongozi wao, wana michango yao, na wana desturi ya kuitana na kuitikiana. Katika muda wa miezi michache maelfu yao walikuwa na kadi. Wale wanawake hawakufundishwa umoja na chama cha siasa. Chama ndicho kilichoukuta umoja uliokwisha kufanyiwa mazoezi harusini na misibani kwa miaka mingi.

Hoja yangu kwa leo ni hii. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na sasa kila kikundi kina kundi lake la WhatsApp. Mchango hutumwa kwa dakika moja, orodha ya waliochanga hubandikwa, na mtu akishaliona jina lake kwenye orodha hujihesabu kuwa amefika msibani. Je, tunachokijenga bado ni kikundi, au tumebaki na orodha? Karibuni tujadiliane kwa staha.

Nshomile wa Bukoba

Mkuu, bandiko lako nimelisoma mara mbili na ninakuunga mkono kwa sehemu kubwa. Huku kwetu Kagera kuna kijiji kinaitwa Nyakatoke ambacho wachumi wanakifahamu kuliko Watanzania wenyewe. Mwaka 2000 watafiti walizihoji kaya zote za kijiji hicho, 119 kwa jumla, wakimwuliza kila mmoja ni nani anayeweza kumtegemea wakati wa shida. Wakachora mtandao mzima wa kusaidiana, na hadi leo takwimu zile zinatumika katika vyuo vikuu vya nchi za mbali ambako hakuna anayejua ndizi ya kupika inafananaje.

Jambo moja wanalolisisitiza watafiti wa masuala haya ni kwamba vikundi vya mazishi vya vijijini si holela kama wageni wanavyodhani. Vina sheria zinazojulikana, vina viongozi, vina kumbukumbu, na msaada wake hutolewa kwa vitu na kwa kazi pamoja na fedha. Nyumba inaleta ndizi, nyingine maharage, nyingine kuni, nyingine mikono ya vijana. Anayepokea hawezi kuugeuza mchango huo kuwa nauli ya kwenda Mwanza. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo linalozuia kikundi kuibiwa: mweka hazina anaweza kutoroka na fedha, ila hajawahi kutoroka na kuni.

Ninachokiongeza ni kwamba kikundi kinamtengeneza mtu angali hai. Kijana wetu anapoanza kwenda msibani kwa niaba ya marehemu baba yake, anakaa na wazee, anajifunza namna ya kutoa pole, anajifunza nani ni nani katika ukoo na nani hawasemezani tangu lini. Siku hiyo ndipo kijiji kinaanza kumtambua kuwa ni mwenye mji. Wahaya tunasifika kwa kusoma, lakini huwezi kumpa mtu nafasi yoyote ya heshima kwa shahada peke yake kama hajawahi kuonekana na jembe mkononi.

Mama Wawili

Mleta mada, ninakuheshimu, lakini umeusifia upande wa mlangoni na kuupita haraka upande wa jikoni. "Akina mama wameshawasha moto" umeiandika kwa maneno manne, na kwetu sisi maneno hayo manne ni siku tatu za moshi, kuosha sufuria, kuchota maji na kulala chini, huku nyumbani kuna watoto wanaotakiwa kwenda shule na biashara ya vitumbua imesimama. Mahudhurio yanayohesabiwa kwa mwanamume ni kukaa kwenye kiti chini ya turubai akizungumzia Simba na Yanga. Kwa mwanamke ni kazi. Faini ya kutohudhuria, hata hivyo, ni moja kwa wote.

La pili, hujawataja walioachwa nje. Mpangaji anayehama kila mwaka kwa sababu ya kodi hawezi kutimiza muda wa kusubiri. Dada wa kazi za ndani hana siku ya mkutano. Mama anayeuguza mgonjwa wa muda mrefu hawezi kwenda misibani, kisha msiba wake ukifika anaambiwa hakuwa akihudhuria. Watu hawa ndio wanaohitaji kikundi kuliko sisi, na ndio ambao katiba zetu zinawachuja mlangoni. Na kuhusu kususia mazishi, mtoto wa miaka kumi aliyefiwa na baba mwenye kiburi amefanya kosa gani hata aachiwe sepetu?

Pamoja na hayo sitatoka katika kikundi changu. Nilikuwa mwanamke asiyeweza kusimama mbele ya watu watano. Nilichaguliwa kutunza moja ya funguo tatu za sanduku la kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, maana lazima watunza funguo wote watatu wawepo ndipo lifunguliwe, na tangu hapo sikuweza tena kukaa nyuma. Nilijifunza kuandika hisa, mfuko wa jamii na marejesho katika vitabu vitatu tofauti, na kumwambia mtu mzima kuliko mimi kwamba amechelewa na faini yake ni kiasi fulani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipovitambua vikundi kama vyetu na kuviweka katika daraja la nne, wengine waliogopa usajili, lakini sisi vitabu vyetu vilikuwa tayari. Mume wangu alinisikia nikisoma taarifa ya mwaka siku ya kuvunja kikoba, na tangu siku ile huniuliza kabla ya kuuza kitu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kikundi kilinipa mkopo tu. Ninasema pia kwamba waliokopa kwa presha ya wenzao na kuishia kuchukuliwa makochi nao ni wanachama, na wao hawataandika hapa.

Mtoto wa Kibokoni

Salaam kutoka Mombasa. Hadithi ya Bibi Titi imenikumbusha kwamba huku kwetu nako akina bibi walitangulia. Mji wa Kale ulikuwa na vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyokuwa na ushindani mkali, kama vile Ibinaal Watan na Banu Saada, na kila kimoja kilikuwa na vyeo ambavyo mwanamke alivipata kwa kulisha watu, si kwa nasaba pekee. Katika mji ambao watu walikuwa wakiulizana nani ni mwungwana na nani ni mjukuu wa mtumwa, kikundi kilimpa mwanamke jina ambalo ukoo wake haukuweza kumpa. Baadaye baadhi ya wanawake hao hao ndio waliounda vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyoshughulikia elimu na ustawi, wakachukua hata ushindani wao wa zamani wakaingia nao humo.

Ninasema hivi kwa sababu Mama Wawili ameuliza kuhusu walioachwa nje. Historia ya lelemama inaonyesha kwamba kikundi kinaweza kuwa mlango wa kuingilia kwa mtu ambaye jamii imemfungia, lakini inaonyesha vilevile kwamba akishaingia atafilisika kwa karamu ili abaki. Leo chama cha akina mama hapa Mombasa hakina vyeo vya lelemama, ila sare ya leso kila harusi ni gharama ambayo wengine wanaikopea. Ushindani umebadilisha nguo tu.

Dereva wa Gongo la Mboto

Wakubwa wangu, shikamooni. Sisi vijana wa bodaboda hatuna katiba yenye muhuri, ila kijiwe chetu kinafanya kazi hiyo hiyo. Huwezi kuegesha pikipiki kijiweni bila kupokelewa, na ukishapokelewa una namba yako na kiongozi anakujua unapolala. Mwenzetu akipata ajali, wa kwanza kufika si ndugu bali ni dereva mwingine, ambaye anajua pikipiki ni ya tajiri gani, yaani mwenye chombo, na simu ya mke wa majeruhi. Tunachanga siku hiyo hiyo, tunapeana zamu hospitali, na pikipiki yake ikipona kabla yake kuna atakayeiendesha ili hesabu ya tajiri isilale na mkataba usivunjike. Hilo la mwisho hamtalikuta katika katiba yoyote, na ndilo lililowaokoa wengi.

Kuhusu WhatsApp ninatofautiana kidogo na mleta mada. Mimi niko barabarani kuanzia alfajiri. Bila kundi la simu nisingejua msiba wa Mzee wa mtaa wa pili umetokea. Ninatuma nilicho nacho, kisha jioni ninapita. Simu haikunizuia kufika, ilinijulisha pa kufika.

Mkazi wa Tandika (mleta mada)

Nawashukuru nyote, hasa Mama Wawili, ambaye amenibana mahali panapostahili.

Kuhusu jikoni sina utetezi, ila nina taarifa. Kikundi chetu kimeanza kutumia fedha za kukodisha viti kuwalipa wapishi wawili kwa siku ya mazishi, na wanaume wamepewa zamu ya maji na kuosha vyombo. Baadhi ya wazee walinuna na wakasema tunaharibu mila. Nilichokiona ni kwamba akina mama waliopunguziwa kazi hawakubaki majumbani kwao. Walikaa na mfiwa ndani, na hapo ndipo penye kazi ambayo mpishi wa kulipwa hawezi kuifanya. Kwa hiyo si kila kilichozoeleka kuitwa kuhudhuria ndicho kinachomshikilia mfiwa, na ninadhani tunaweza kulipia sufuria bila kulipia jamvi.

Kuhusu mama anayeuguza, katiba yetu ina kifungu kinachomruhusu mwanachama kuwakilishwa na mtu wa nyumbani kwake, awe mtoto au mpangaji wake, na uwakilishi huo unaandikwa kama mahudhurio kamili. Kwa wasioweza ada tumeruhusu kazi badala ya fedha, yaani kutunza stoo, kufunga na kufungua turubai, au kupeleka taarifa nyumba kwa nyumba kwa wasio na simu. Nshomile ametukumbusha kwamba vijijini mchango wa kazi haujawahi kuonekana duni. Ni sisi wa mjini tulioufanya uonekane hivyo tulipoanza kuandika kila kitu kwa shilingi. Mpangaji anayehama ni tatizo gumu zaidi, na nadhani dawa yake ni vikundi jirani kutambuana, ili muda aliousubiri Tandika uhesabiwe akihamia Mbagala. Hilo linahitaji vikundi viaminiane vitabu vyao, na huko bado hatujafika.

Kwa Dereva: umefanya kile ambacho ninakiomba. Ulituma, kisha ukapita. Shaka yangu ni kwa anayetuma na kuishia hapo, na ninamwona akiongezeka, hasa miongoni mwetu tulioajiriwa na tunaoona kwamba kiasi kikubwa kinafidia kutoonekana. Yeye ndiye yule wa kijijini aliyeachiwa majembe, isipokuwa mjini hakuna atakayemwachia jembe, maana kuna vijana wa kulipwa makaburini. Atazikwa vizuri na hatajua alichokikosa, lakini mke wake atakijua kuanzia siku ya nne, viti vikisharudishwa stoo.

Mama Wawili

Mleta mada, umejibu mengi na ninashukuru, ila swali la mtoto na sepetu umeliruka. Mimi ninapendekeza kifungu kiandikwe wazi kwamba deni la mahudhurio linakufa na mdaiwa, na kwamba mjane na watoto watahudumiwa kama wanachama kwa mwaka mmoja, kisha waamue wenyewe kama wanajiunga.

Mkazi wa Tandika (mleta mada)

Nililiruka kwa kuwa sina hakika wenzangu watalikubali. Hofu yao ni kwamba deni likifa na mdaiwa, kila mwenye uwezo atachagua kufa nalo. Mimi binafsi ninaafiki kifungu chako kwa mjane na watoto walio chini ya miaka 18, na siafiki kwa watoto wazima waliokuwa wakiona baba yao hatoki nyumbani watu wakizikwa, nao wakakaa naye. Nitakipeleka kwa maneno hayo kwenye mkutano mkuu wetu, na matokeo ya kura nitayabandika hapa hapa, hata yakiwa kinyume na nilivyopiga mimi.